Epoksi siku ya sita bado inanata: nipake rezini iliyobaki juu yake?

*"Shikamoo mzee. Nina kibanda cha kuuza samaki hapa Tanga, sakafu ya niru, mita tano kwa tano. Nilinunua seti mbili za rangi ya sakafu ya epoksi, ya kijivu, kila seti lita nne za rezini na lita moja ya hadina, ile dawa ya kuigandisha. Mjomba wangu ni fundi wa boti za faiba, akaniambia kwa masika haya niongeze hadina ili ishike upesi. Nikachanganya kopo moja la rezini na hadina zote mbili, nikatia na thina nusu lita maana niliiona nzito. Nilipaka jioni, usiku mvua ikanyesha. Asubuhi karibu na mlango nikakuta utando mweupe unaoteleza kama mafuta, na katikati kunanata. Leo siku ya sita, ukucha bado unaingia. Mjomba anasema niwashe jiko la mkaa ndani ipate joto. Mimi nawaza nipake ile rezini iliyobaki juu yake, imalizane na hadina iliyozidi. Ipi sahihi? Pia nilitaka rangi hiyohiyo niipake ndani ya tangi la maji ya kunywa nyumbani. Na tangu juzi mikono inaniwasha."*

Marahaba, mwanangu. Nianze na mikono, sakafu itangoja.

Muwasho huo usiupuuze. Hadina ya epoksi ni kemikali za jamii ya amini, kali kwa ngozi zenyewe, nazo, kama rezini mbichi yenyewe, zinaweza kuuzoesha mwili kuzikataa. Mwili ukishafika hapo haurudi: kuna mafundi waliopaka epoksi miaka mingi bila shida, kisha siku moja vipele vikatoka, na tangu hapo hata kuingia chumba kilichopakwa jana kunawatosha kuvimba kope. Kwa hiyo usiikanyage sakafu ile pekupeku, wala usiiguse kwa mkono mtupu. Nawa kwa maji na sabuni. Usinawe kwa thina, kwani inaondoa mafuta ya ngozi na kuipa hadina njia ya kupenya. Nunua glavu za nitrili, na zikitoboka au zikilowa ndani zitupe. Vipele vikipanda usoni, au kifua kikibana, nenda kituo cha afya ukiwa na lebo ya kopo la hadina ili daktari aone ulichogusa.

La pili ni jiko. Mwambie mjomba, kwa heshima zote, hapana. Mkaa ukiwaka ndani ya chumba hutoa kaboni monoksidi, ambayo haina harufu na inaua. Thina uliyotia bado inageuka mvuke polepole kutoka kwenye sakafu, na mvuke wake unawaka. Isitoshe, mkaa hutoa hewa ya ukaa kwa wingi, na hewa hiyohiyo ndiyo iliyokuletea ule utando mweupe mlangoni. Nitaufikia.

Sasa kwa nini ushauri wa mjomba ulikwenda mrama, wakati yeye ni fundi kweli na boti zake zinaelea? Kwa sababu anaijua kemia ya rezini nyingine. Boti nyingi za faiba hutengenezwa kwa poliesta. Poliesta ile huja imeyeyushwa ndani ya stirini, kimiminika ambacho nacho huungana nayo, na kila kitakachounganika kimo tayari ndani ya kopo. Anachotia mjomba, asilimia moja au mbili tu, ni peroksidi. Inavunjika, inatoa vipande vyenye njaa ya kuunganika, na kimoja kinaweza kuanzisha mnyororo unaopita kwenye mamia ya molekuli bila kuhitaji kingine. Peroksidi kazi yake ni kuanzisha. Ukiongeza kidogo, unaanzisha minyororo mingi kwa wakati mmoja na kazi inashika mapema. Mjomba ameliona hilo kwa macho yake mara nyingi, na kwa poliesta ni kweli, ndani ya mipaka. (Yeye pia ana hatari zake: peroksidi ile ikiruka jichoni inaweza kupofusha, na ikikutana moja kwa moja na kobalti ya kuchochea inalipuka. Lakini hayo anayajua.)

Epoksi haiendi hivyo. Hadina ya epoksi ni nusu ya kitu chenyewe. Rezini ya kawaida ya epoksi ni molekuli fupi yenye ncha mbili, na kila ncha ina pete ndogo ya atomu tatu, kaboni mbili na oksijeni moja. Pete hiyo imekunjwa kwa nguvu na inatafuta sababu ya kufunguka. Hadina ina naitrojeni zenye haidrojeni. Haidrojeni moja hufungua pete moja, basi, imetumika. Hairudi kufungua nyingine. Wewe unauza samaki, kwa hiyo chukulia wavu: rezini ni nyuzi, hadina ni mafundo. Molekuli ya hadina yenye haidrojeni sita ni fundo linaloweza kushika nyuzi sita. Ukiwa na nyuzi za kutosha kila fundo, unapata wavu uliokaza pande zote. Ukiongeza mafundo mara mbili bila kuongeza nyuzi, kila fundo linaambulia nyuzi tatu hivi na mikono mingine inabaki mitupu. Kitashikamana, ndiyo, hakitabaki maji. Lakini kitakuwa kilegevu, laini, kinachokunywa maji na kuvimba. Ndicho ukucha wako unachokiingia.

Ndiyo maana nasema sakafu yako haijachelewa kukauka. Imekwisha kufanya karibu yote iliyoweza kufanya. Ukisubiri mwezi itapungua kunata kwa sababu thina itatoka, ila haitakuwa ngumu.

Nikupe hesabu yenyewe, kwa sababu ukishaiona hutachanganya tena kwa macho. Rezini ya kimiminika ya aina iliyozoeleka ina pete moja kwa kila gramu 190 hivi. Hadina moja ya zamani, trietilinitetramini, ina uzito wa molekuli 146 na haidrojeni sita zinazofanya kazi, yaani gramu 24 na kidogo kwa kila haidrojeni. Gawa 24.4 kwa 190, zidisha kwa 100: gramu 13 za hadina kwa gramu 100 za rezini. Hadina nyingine, isoforondiamini, kwa hesabu hiyohiyo inataka gramu 22. Zile za poliamidi hufika 50 na kuendelea. Umeona? Rezini ileile, hadina tatu, vipimo vitatu vilivyo mbali kabisa. Kwa hiyo mtu akikuuzia hadina ya kampuni nyingine na kukwambia zote ni moja, mrudishie.

Na uzito si ujazo. Seti yako ni nne kwa moja kwa ujazo. Rezini ni nzito kuliko hadina, hivyo kwa rezini isiyo na rangi wala unga, nne kwa moja ya ujazo huangukia karibu gramu 100 kwa 22. Ukiweka nne kwa moja kwenye mizani umekosea tena. Yako ina rangi ya kijivu, unga wake unaongeza uzito, kwa hiyo tafuta kipimo cha uzito kwenye karatasi ya maelezo ya bidhaa yako, usichukue changu.

Twende kwenye wazo lako, la kupaka rezini tupu juu ili "imalizane" na hadina iliyozidi. Nimelipenda, kwa sababu linaonyesha umeshahisi hesabu. Kama mchanganyiko ungekuwa bado kwenye ndoo, dakika tano za kwanza, na ukaongeza zile lita nne za pili ukakoroga, ungekuwa umeokoka: nane kwa mbili ni nne kwa moja. Lakini sasa mikono mitupu ya hadina imefungwa ndani ya kitu kigumu nusu. Haiwezi kupanda juu kuifuata rezini, na rezini haiwezi kuzama hadi chini. Unene wako, lita sita na nusu juu ya mita za mraba 25, ni kama robo milimita ilipokuwa mbichi. Inaonekana kidogo, lakini kwa molekuli zilizokwama ni safari isiyoisha. Utapata tabaka la rezini mbichi juu ya tabaka laini, na juu litanata kuliko sasa.

Joto je? Mjomba hapo ana nusu ya haki. Epoksi iliyopimwa sawasawa, ikiwa kwenye ubaridi, hukaza kabla pete zote hazijapata wenza. Kadiri wavu unavyobana ndivyo molekuli zinavyokosa nafasi ya kusogea, kazi inakwama. Ukiipa joto la wastani zinasogea tena na kazi inamalizika. Kwa sakafu iliyopimwa vizuri, jua la mchana na milango wazi kwa siku saba vinatosha kabisa Tanga. Kwa yako, joto halina cha kumalizia, kwa sababu pete zimekwisha.

Thina nayo usiisamehe. Thina zinazouzwa kwa chupa za maji mtaani hazina lebo, na mara nyingi zina ketoni ndani, ndugu zake asetoni. Ketoni hushikana na baadhi ya amini na kuzizuia kufanya kazi, halafu zinatoa maji humohumo ndani ya rangi. Sehemu ya thina inayobaki chini ya utando ulioshika juu haina pa kutokea, inaifanya rangi kuwa laini kwa wiki kadhaa. Epoksi ukiiona nzito, ilaze ndoo ya rezini juani nusu saa kabla ya kuchanganya. Italainika yenyewe. Kama lazima uongeze kitu, iwe thina ambayo mtengenezaji ameitaja, na kwa kiasi alichotaja.

Haya, ule utando mweupe. Hadina inayoelea juu ya rangi mbichi hukutana na unyevu na hewa ya ukaa, zote tatu zinaungana kuwa chumvi laini yenye kuteleza. Hadina ikizidi, chumvi inazidi. Karibu na mlango ndiko hewa ya mvua ilikoingia. Angalia hesabu ya unyevu: hewa ikiwa nyuzi joto 30 na unyevu asilimia 80, umande huanza kushika kwenye kitu chochote kilicho na nyuzi 26. Sakafu ya zege usiku wa mvua hufika hapo bila shida, na huoni maji, unaona ubaridi tu. Kanuni tunayoifuata wapaka rangi wa viwandani ni kwamba sakafu iwe na joto la nyuzi 3 au zaidi juu ya kiwango cha umande, na unyevu wa hewa usipite asilimia 85. Kipimo cha unyevu cha ukutani na kile kipimajoto cha kulenga kama bastola vinaweza kukwambia hilo kwa dakika moja.

Kabla hujaanza kukwangua, thibitisha usinisikilize tu. Chukua maji ya uvuguvugu, sabuni na sponji ngumu, sugua pale mlangoni. Chumvi ile huyeyuka kwenye maji. Thina ingeisambaza tu. Kama chini yake pangekuwa pagumu, ningekwambia osha, kausha, piga msasa, paka tabaka lingine, kwisha habari. Kisha nenda katikati, vaa glavu, lowesha kitambaa cheupe kwa asetoni, sugua sehemu moja mara hamsini kwenda na kurudi. Epoksi iliyoiva hupoteza mng'ao kidogo. Yako, naamini, itaacha kijivu kizito kwenye kitambaa na pale ulipopasugua patavimba. Ikiwa hivyo, sina dawa nyingine: yote itoke. Ndoo ilikuwa moja, kwa hiyo hakuna kona iliyonusurika, hata kama moja inaonekana ngumu kuliko nyingine. Ukipaka rangi nzuri juu ya msingi laini, meza ya samaki ya kwanza itakayoburutwa itang'oa vyote viwili.

Kuitoa si kazi ngumu kama unavyoogopa, na ulaini wenyewe ndio unaosaidia. Tumia kwangulio la mpini mrefu lenye bapa la chuma lenye makali, uifanye asubuhi sakafu ikiwa baridi, inatoka kwa mikanda. Usianze na mashine ya kusaga, kwa kuwa joto lake litairudisha rangi kuwa gundi na diski itajaa. Mashine yenye diski ya almasi ije mwisho, kuondoa mabaki na kulikwaruza niru, na uvae barakoa ya vumbi, si kitambaa. Usichome kwa moto. Dawa za kuyeyushia rangi nazo ziache, kibanda hakina hewa ya kutosha.

Halafu, kabla ya kununua chochote, bandika karatasi ya nailoni ya sentimita 45 kwa 45 sakafuni, kingo zote kwa utepe wa gundi, iache saa 16 au usiku kucha. Ukikuta matone chini yake au niru imekuwa nyeusi, maji yanapanda kutoka ardhini. Hapo nakushauri usipake epoksi ya kawaida kabisa, kwa sababu maji hayo yataisukuma kutoka chini na itatoka malengelenge, hasa zege likiwa na chumvi, nalo la pwani mara nyingi linayo. Tafuta fundi wa sakafu aje aone, au weka vigae. Vigae vya maduka ya samaki si aibu, ila viungo vyake ndivyo vinavyohifadhi damu na harufu, na hapo ndipo epoksi nzuri inapovishinda.

Kama nailoni imetoka kavu, ile rezini uliyobakiza ni mali. Nunua hadina ya seti hiyohiyo, kutoka kampuni hiyohiyo. Koroga rezini peke yake kwanza hadi chini, maana unga wa rangi hulala. Pima kwa mizani. Changanya dakika tatu ukikwangua kuta na kitako, kisha mimina yote kwenye ndoo ya pili safi na ukoroge tena, kwa sababu kile kilichoganda ukutani mwa ndoo ya kwanza hakijachanganyika, na ndicho huacha madoa yanayonata hapa na pale. Usiiache ndooni. Mchanganyiko huu hutoa joto, joto linauharakisha, na kwa kukadiria tu, kila nyuzi 10 zikiongezeka kasi huwa mara mbili. Muda wa matumizi ulioandikwa kwenye kopo mara nyingi ni wa nyuzi 20 au 25. Kwenye kibanda chenye nyuzi 32 hesabu nusu yake. Ndoo ikianza kutoa moshi, itoe nje kwa mpini, usiinamie.

Anza saa nne au tano asubuhi, siku isiyo na wingu zito, umalize mapema ili rangi iwe imeshika kabla jua halijazama na umande kuja. Jioni ndiyo saa mbaya kuliko zote kwa pwani yetu. Ukimaliza, nyunyiza mchanga mkavu wa silika ingali mbichi, la sivyo maji ya samaki yatawaangusha wateja. Tabaka la pili lipake ndani ya saa zilizoandikwa. Ukipitiliza, msasa kwanza. Sehemu ya mlangoni inayopigwa na jua itachubuka na kuwa kama chokaa baada ya muda, epoksi haipendi jua. Unaweza kuifunika kwa rangi ya poliuretani ya nje, lakini hadina yake ya isosianati inaweza kuleta pumu, kwa hiyo ni rola tu, kamwe si kupuliza.

Na kama uko tayari kulipa zaidi kidogo kwa ajili ya masika, uliza duka lenye rangi za meli kuhusu epoksi yenye hadina ya fenalkamini (kwa Kiingereza phenalkamine). Hiyo imetengenezwa kutokana na mafuta ya maganda ya korosho, yaleyale yanayounguza vidole vya wabanguaji kule Mtwara na Lindi. Molekuli yake ina mkia mrefu wa kaboni 15 unaokimbia maji, hivyo inashika hata hewa ikiwa nzito kwa unyevu, na ule utando mweupe hutokea kwa nadra. Korosho ghafi tunazisafirisha na maganda yake, hadina inaturudia kwenye makopo ya wageni. Hilo linaniuma, lakini ndiyo hali. Kasoro yake ni rangi: inageuka njano na kukolea. Kwa kijivu cha dukani haitakusumbua sana.

Tangi la maji ya kunywa, hapana. Hata ukipima sawasawa. Rangi ya sakafu haikutengenezwa wala kupimwa kwa maji yanayokaa ndani yake siku nyingi, na hadina isiyoungana au viyeyusho vinaweza kuhamia majini. Zipo epoksi za matangi, nyingi hazina kiyeyusho, zenye cheti cha kugusa maji ya kunywa, na hata hizo hutakiwa kuiva kikamilifu na kuoshwa kabla tangi halijajazwa. Kazi hiyo mpe mtu anayeifanya kila siku, kwa sababu ndani ya tangi mvuke hauna pa kwenda na watu hufa humo.

Samaki uza nje kwa sasa, juu ya meza, barafu na kila kitu. Baada ya tabaka jipya, kutembea kwa viatu laini siku ya pili, friji na meza nzito siku ya saba, na maji ya jiki yasiguse sakafu kabla ya hapo. Niandikie majibu ya nailoni, na unitumie picha ya lebo ya hadina, upande wenye namba za toleo na jedwali la joto na muda, tuone kipimo chao cha uzito pamoja kabla hujafungua kopo.